Ziro na ABS si ndugu

Wasomaji wangu, leo nataka tuzungumze mambo ya kompyuta, lakini asikimbie mtu. Hakuna hesabu ngumu hapa. Kama uliwahi kutafuta jina lako kwenye matokeo ya kidato cha nne, iwe yalibandikwa ukutani au yaliwekwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, basi nusu ya somo hili unalijua tayari.

Kwenye yale matokeo kuna wanafunzi wawili ambao mtaani huwa tunawachanganya. Mmoja amepata divisheni ziro. Mwingine, mbele ya jina lake pameandikwa ABS. Wa kwanza aliingia chumba cha mtihani, akaandika, akasahihishwa, akafeli. Wa pili hakufanya mtihani. Labda aliugua, labda alifiwa, labda aliacha shule mwaka mmoja nyuma na jina likabaki kwenye orodha. Uwezo wake hatuujui kwa sababu hatukumpima. Baraza halikumpa sifuri, na lilifanya vizuri. Sifuri ni matokeo. ABS ni taarifa kwamba matokeo hayapo.

Sasa chukua orodha hiyo, mpe mtu mwenye haraka, mwambie atafute wastani wa shule. Akikuta ABS kompyuta inamgomea, maana herufi hazijumlishwi. Afanyeje? Anafuta ABS, anaweka 0, hesabu inakubali, anaenda kunywa chai. Shule imeshuka nafasi kadhaa kwa sababu ya watoto ambao hawakushika hata kalamu. Mwalimu mkuu ataulizwa, wazazi watalalamika, na atakayeandika habari gazetini ataandika kwamba shule imeporomoka. Aliyeweka sifuri hakumwibia mtu. Alikuwa anasafisha faili tu.

Hilo ndilo jambo langu leo: kinachotokea kwa vitu tusivyovijua pale taarifa zinapohamishwa kutoka kanzidata moja kwenda nyingine kwa kupitia faili la maandishi. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni shughuli ya mafundi peke yao. Mimi nasema hapana. Takwimu nyingi tunazosomewa bungeni, redioni na magazetini zimepita njia hiyo angalau mara moja, na njiani kuna mahali ambapo "hatujui" hugeuka kuwa "hakuna" bila mtu yeyote kupiga kura.

Tuanze na ghala lenyewe. Kanzidata nyingi tunazozitumia maofisini, benki na hospitalini zimejengwa juu ya wazo la Mwingereza mmoja aliyekuwa akifanya kazi IBM kule Marekani, Edgar Codd, aliyeandika makala yake maarufu mwaka 1970. Taarifa zinapangwa kwenye majedwali, yenye mistari na safu, kila kisanduku na thamani yake. Lakini maisha si jedwali. Kuna mtu hakutaja umri, kuna mgonjwa hakupimwa presha, kuna kiwanja hakina namba. Kwa ajili ya visanduku vya namna hiyo ikawekwa alama ya pekee inayoitwa NULL.

NULL si sifuri, wala si nafasi tupu, wala si neno lolote. Ni kanzidata kukwambia kwamba hapa sina thamani. Na inaiheshimu kweli alama hiyo. Ukiiomba wastani, inaviruka visanduku vyenye NULL na kugawanya kwa vile vilivyojazwa. Ukiiuliza kama NULL ya huyu ni sawa na NULL ya yule, haisemi ndiyo wala hapana, inasema haijulikani. Ni sahihi kabisa: watu wawili ambao umri wao hujui, huwezi kusema wana umri mmoja. Codd mwenyewe baadaye alitaka zaidi. Alipendekeza alama mbili, moja ya kitu kilichopo lakini hatukijui, nyingine ya kitu kisichohusika kabisa. Mwanamke aliyeolewa akakataa kutaja jina la mumewe, na mwanamke ambaye hajaolewa, wote wawili kisanduku cha jina la mume ni kitupu, lakini utupu wao haufanani.

Basi, ndani ya ghala mambo yako sawa. Shida inaanza mlangoni, pale mzigo unapotolewa.

Taarifa zikitakiwa kwenda ofisi nyingine yenye mfumo mwingine, njia rahisi kuliko zote ni kuzimwaga kwenye faili la maandishi. Linalojulikana zaidi ni CSV, ambamo kila mstari wa jedwali unakuwa mstari wa maandishi na vitu vinatenganishwa kwa mkato. Ni njia nzuri, sibezi. Faili hilo linafunguka kwenye kompyuta yoyote, la miaka thelathini iliyopita linasomeka mpaka leo, na unaweza kulibeba kwenye flashi ukapanda nalo daladala. Lakini lina udhaifu mmoja: ndani yake mna herufi tu. Hamna chombo cha kubebea kitu kisichokuwepo. Tazama:

Zahanati ya kwanza,12
Zahanati ya pili,0
Zahanati ya tatu,

Tuseme hiyo ni idadi ya wagonjwa wa kipindupindu kwa wiki moja. Zahanati ya tatu imefanya nini? Haikupata mgonjwa? Haikuleta ripoti? Ilileta ripoti lakini ukurasa umelowa mvua? Faili limenyamaza. Baada ya mkato wa mwisho hakuna kitu, na anayepokea ndiye atakayeamua ile hakuna-kitu maana yake ni nini.

Akiamua kwamba ni NULL, wastani ni 6. Akiamua ni sifuri, wastani ni 4. Namba mbili tofauti kutoka faili moja, na hakuna aliyebadilisha hata herufi.

Utasema, si kuna kanuni? Ipo. Mwaka 2005 ulitolewa waraka wa kueleza muundo wa CSV, unaitwa RFC 4180. Unaeleza mikato, unaeleza mwisho wa mstari, unaeleza alama za kunukuu. Kuhusu thamani isiyokuwepo hausemi lolote. Kwa hiyo kila mtengenezaji wa programu amejipangia lake.

PostgreSQL ikimwaga taarifa kwa muundo wake wa kawaida wa maandishi, mahali pa NULL inaweka mkwaju wa kinyume na herufi N kubwa, hivi: \N. Ukiiambia itumie CSV inabadilika: NULL inaachwa wazi kabisa, na maandishi matupu, yaani mtu aliyejibu kwa kutoandika neno lolote, yanawekewa alama mbili za kunukuu zisizo na kitu katikati. MySQL nayo inatumia \N inapotoa, lakini wakati wa kupakia, ikikuta kisanduku kitupu kwenye safu ya namba na imewekwa katika hali yake ya kulegeza masharti, inaandika 0 na kukuachia onyo ambalo watu wengi hawalisomi. Tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015 ukali umekuwa ndiyo hali ya kawaida, lakini mtu akiona faili linakataliwa, jambo la kwanza analotafuta ni namna ya kuuondoa ukali huo. Oracle yeye hana habari: maandishi matupu na NULL kwake ni kitu kimoja tangu zamani.

Halafu katikati ya hawa wote anakuja rafiki yetu Excel. Faili limetoka PostgreSQL likiwa na tofauti zake zote, mtu analifungua kwa Excel ili arekebishe jina moja tu lililokosewa, anahifadhi. Zile alama mbili za kunukuu zilizokuwa zinatofautisha "amejibu tupu" na "hatuna jibu" zimeondoka. Hakuna kilicholia wala kuwaka taa nyekundu. Takwimu zilizopotea hazilalamiki.

Kazi yangu ya uandishi wa habari hunipitishia mafaili ya namna hii mikononi mara kwa mara. Kuna ofisi moja niliomba orodha ya vituo na idadi ya watumishi wake. Kwenye safu moja tu nilikuta 0, nikakuta kistari, nikakuta N/A, na nikakuta visanduku vitupu. Nikampigia simu karani aliyenitumia, mtu mzima wa makamo, mstaarabu sana.

"Mdogo wangu," akaniambia, "hapo penye wazi weka sifuri tu, hesabu itakubali."

"Sawa kaka, lakini hawa wa sifuri hawana watumishi kweli, au hawakuleta taarifa?"

"Wapo wasiokuwa nao. Na wapo ambao hawajaleta."

"Nitawajuaje?"

Akacheka. "Hapo sasa itabidi uwapigie mmoja mmoja."

Yule kaka simlaumu. Alirithi faili, na aliyemrithisha alirithi pia. Lakini fikiria: mkubwa anayeamua watumishi wapya wapelekwe wapi anaangalia safu ileile. Kituo chenye sifuri ya kweli kinahitaji mtu kesho asubuhi. Kituo chenye sifuri ya kujaziwa kinaweza kuwa na watumishi wanane waliochelewa kutuma karatasi. Ukivichanganya, mgonjwa wa kituo cha kwanza ndiye anayelipa.

Kwenye afya jambo hili limefikiriwa muda mrefu. Katika ufuatiliaji wa magonjwa ya mlipuko kuna utaratibu unaoitwa taarifa ya sifuri: kituo ambacho hakikupata mgonjwa hata mmoja hakikai kimya, kinatuma ripoti yenye 0. Lengo ni hilohilo, kwamba wilayani wajue kama ukimya ni wa heri au wa shari. Kimya kingi kina mshindo, wahenga walisema, na kwenye kipindupindu mshindo wake ni majeneza.

Lakini tazama safari ya ile 0. Kwetu inaanzia kwenye vitabu vya MTUHA, kisha inaingizwa kwenye mfumo wa DHIS2, ambao ulianzia Chuo Kikuu cha Oslo na unatumika katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo. Anayeunda fomu kwenye DHIS2 ana mahali pa kuchagua kama sifuri ihifadhiwe au isihifadhiwe. Asipogusa kitu, mfumo hauihifadhi, ili kuokoa nafasi, maana fomu za afya zimejaa sifuri. Kuna kitufe kingine cha kuthibitisha kwamba fomu imekamilika, kwa hiyo aliye ndani ya mfumo anaweza kujua kituo kilileta ripoti. Lakini mtu akitoa safu moja ya wagonjwa kwenye faili la CSV na kuiacha ile taarifa ya ukamilifu nyuma, aliyepokea hana tena njia ya kutofautisha zahanati salama na zahanati bubu. Muuguzi alifanya kazi yake vizuri, akaandika 0 kwa kalamu. Faili ndilo lililomnyamazisha.

Sasa wapo wanaosema, basi tusiache wazi, tujaze namba ambayo kila mtu ataitambua. Ndiyo maana kwenye tafiti za kaya utakutana na 98 kwa "sijui" na 99 kwa jibu lililokosekana. Ndani ya kitabu cha maelezo ya utafiti ni utaratibu mzuri. Tatizo ni faili linapotembea bila kitabu chake. Anayelipokea haoni alama, anaona bibi mwenye miaka 99. Akitafuta wastani wa umri wa kijiji, kijiji kinazeeka ghafla.

Wengine wanajaza tarehe ya 1 Januari 1900, au 1 Januari 1970, siku ambayo kompyuta nyingi huanzia kuhesabu muda. Wengine wanajaza neno. Na maneno nayo yana vituko. Namibia, ndugu zetu wa kusini, kifupisho chao cha kimataifa cha herufi mbili ni NA. Lugha ya R, wanayoitumia sana watu wa takwimu, inasoma NA kama thamani isiyokuwepo. Maktaba ya pandas kwenye Python inafanya vivyo hivyo usipoizuia. Pakia orodha ya nchi za Afrika bila uangalifu, halafu itafute Namibia. Nchi nzima, na jangwa lake na almasi zake, imefutwa kwa kuitwa jina lake.

Kule California kuna mtafiti wa usalama wa kompyuta aliyesajili gari lake kwa namba ya NULL. Alieleza mwenyewe kisa chake kwenye mkutano wa DEF CON mwaka 2019. Tiketi za maegesho na makosa ya barabarani zilizoandikwa bila namba ya gari zilianza kumiminika kwake, mpaka zikapita dola 12,000. Kanzidata ilikuwa imeandika kwa uaminifu kwamba namba ya gari haijulikani, na mahali fulani njiani ile alama ikageuka kuwa herufi nne za kawaida. Ikapata mwenyewe.

Hicho tunaweza kukicheka. Cha Kansas hakichekeshi. Kampuni ya MaxMind inauza kanzidata inayokadiria anwani ya kompyuta kwenye intaneti iko sehemu gani duniani. Mara nyingi ilikuwa inajua tu kwamba anwani fulani iko Marekani, basi. Jibu la kweli lilikuwa "mahali hapajulikani". Lakini kisanduku kilitaka namba, kwa hiyo mwaka 2002 wakachagua nukta katikati ya nchi, wakaizungusha iwe rahisi: latitudo 38, longitudo -97. Nukta hiyo ikaangukia kwenye shamba la watu karibu na mji mdogo wa Potwin. Kufikia mwaka 2016, mwandishi wa habari Kashmir Hill alipofichua kisa hicho, anwani zaidi ya milioni 600 zilikuwa zimerundikwa pale. Kwa miaka mingi waliokaa kwenye shamba lile walikuwa wakigongewa na polisi, wakitafutwa na watu walioibiwa kwenye mtandao, wakituhumiwa kila aina ya uovu. Hawakuwa na hatia yoyote isipokuwa kuishi juu ya "hatujui" ya mtu mwingine. Baadaye kampuni ilihamishia nukta hiyo ziwani.

Na siasa je? Februari 2025 Elon Musk aliandika kwenye X kwamba mfuko wa hifadhi ya jamii wa Marekani una watu wenye umri wa miaka 150 na zaidi, akawafananisha na mazimwi wanaonyonya damu. Mwezi uliofuata Rais Trump akayarudia mbele ya Bunge. Ukweli ulikuwa umeandikwa tangu mwaka 2023 na mkaguzi wa mfuko wenyewe: kulikuwa na namba karibu milioni 18.9 za watu waliozaliwa mwaka 1920 au kabla, ambao kwenye kumbukumbu tarehe ya kifo haikuwepo. Karibu wote hawakuwa wakilipwa chochote. Hawa ni watu waliokufa ambao taarifa za vifo vyao hazikufika. Kisanduku kitupu cha tarehe ya kifo kikasomwa kuwa "yu hai", na kutoka hapo ni hatua moja tu kufika kwenye "ni mwizi". Taifa zima likabishana juu ya NULL.

Wapo watakaoniambia: kijana, hayo ni ya Wazungu wenye kompyuta nyingi, sisi tuna shida kubwa zaidi. Nawajibu kwamba kwetu ndiko hatari ilipo kubwa. Sensa yetu ya mwaka 2022 iliendeshwa kwa vishikwambi na ikahesabu watu 61,741,120. Vyeti, hospitali, shule, mikopo, anwani za makazi, vyote vinaingia kwenye kanzidata, na kanzidata hizo zinatakiwa kuzungumza. Nyingi zinazungumza kwa faili la maandishi. Na kwetu wazee wengi hawajui tarehe waliyozaliwa. Babu anayekwambia alizaliwa mwaka wa njaa fulani, karani anamwandika 1 Januari. Mtu huyu hana kisanduku kitupu tena, ana uongo uliopigwa mhuri. Siku akienda ofisi nyingine akaandikwa 1 Julai, mifumo ikilinganishwa ataambiwa yeye si yeye.

Nadhani kiini cha yote si programu. Kiini ni kwamba tunaona haya kuacha wazi. Tumelelewa hivyo tangu darasani, kwamba swali lisilojibiwa ni uvivu, bora ukisie. Maofisini ni vilevile. Mkubwa akiletewa jedwali lenye mapengo anauliza nani mzembe. Akiletewa lililojaa sifuri, anasaini. Kwa hiyo aliye chini anajifunza haraka: pengo linaleta barua ya kujieleza, sifuri haileti. Ukitaka kuwazuia makarani wasijaze sifuri, acha kwanza kuwaadhibu kwa mapengo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na taasisi inayoficha isiyoyajua haina tofauti.

Wengine watasema pia kwamba pengo ni kichaka cha wavivu, kwamba ukiruhusu "haijulikani" kila mtu ataandika "haijulikani". Hoja hii naiheshimu. Lakini ukweli ni kwamba mvivu wa "haijulikani" unaweza kumhesabu. Unasema wilaya hii ina mapengo 40, ile ina 3, unajua pa kwenda kugonga mlango. Mvivu wa sifuri huwezi kumhesabu, amejificha katikati ya wakweli.

Basi tufanyeje? Nina mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji zabuni wala mfadhili.

Kwanza, anayetoa faili achague alama moja ya kitu kisichojulikana na aitumie faili zima. \N inafaa, kwa sababu hakuna mtu, mji wala nchi inayoitwa hivyo. Si sifuri, si 99, si kistari leo na N/A kesho.

Pili, faili lisitembee peke yake. Liambatane na karatasi fupi, hata ya mistari mitano: safu hii ni nini, imepimwa kwa kipimo gani, alama ya pengo ni ipi, na pengo lina maana gani. Kutoulizwa, kukataa kujibu, kutohusika na kutofika kwa ripoti ni mambo manne tofauti. Yakiwa muhimu, yapewe safu yake ya sababu.

Tatu, mapengo yahesabiwe kabla ya kutoka na baada ya kufika. Kule England, kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 wa korona hawakuingia kwenye taarifa za kila siku. Maabara zilikuwa zimeleta mafaili ya CSV, yakapakiwa kwenye muundo wa zamani wa Excel ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi ikadondoka. Waliopimwa walipata majibu yao, lakini waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati. Kuhesabu mistari iliyotoka na iliyoingia ni kazi ya dakika moja.

Nne, na hili ni letu sisi wa kalamu: tusiandike jumla wala wastani bila kusema umetokana na wangapi. "Wagonjwa 12" ni nusu ya habari. "Wagonjwa 12, kutoka vituo viwili kati ya vitatu" ni habari nzima. Mhariri atakwambia sentensi ni ndefu. Mwambie afute kivumishi.

Na wewe unayesoma, ambaye huenda hutagusa kanzidata maisha yako yote, una swali moja la kuuliza. Siku utakapoambiwa kwamba mahali fulani hakuna ugonjwa, hakuna malalamiko, hakuna mtoto aliyeacha shule, uliza: ni hakuna, au hamjui? Ukiona anayekujibu anakohoa kwanza, ujue ziro hiyo ni ABS.